Mishipa na valvu kwa mpigo mmoja

Mimi ni muuguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, upande wa moyo. Swali ninaloulizwa sana na ndugu ni hili: "Dada, mbona mzee wa jirani yetu aliyepandikizwa mishipa alitolewa mpira wa kupumulia jioni ileile, na baba bado?" Nikitazama faili, baba kapandikizwa mishipa (njia mpya za damu kupita palipoziba kwenye mishipa ya moyo) na kubadilishiwa valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) papo hapo. Huyo msimfananishe na jirani.

Ili valvu ibadilishwe kwa upasuaji huu, moyo husimamishwa na mashine ikashika kazi ya kusukuma damu. Kila kinachoongezwa kinarefusha muda huo. Na anayehitaji yote mawili mara nyingi ni mtu mzima zaidi, moyo umeshachoka, pengine na figo zinasumbua. Takwimu za Marekani zinaonyesha hivyo: kwa mishipa peke yake hufariki karibu 2 katika kila 100, pamoja na kubadilisha valvu ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini), kama 4, pamoja na kubadilisha valvu ya maitro (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), wanakaribia 10. Mkiongea na daktari, ulizeni hesabu ya upasuaji wa baba yenu, siyo ya mishipa peke yake.

"Si wangefanya kimoja kwanza?" Valvu ya aota iliyobana sana haiachwi kifua kikiwa wazi. Kurudi kufungua mara ya pili ni hatari, kwa sababu makovu yanakuwa yameugandisha moyo na mfupa wa kifua. Ila valvu ya maitro inayovuja kwa kiasi ni habari nyingine. Utafiti wa wagonjwa 301 uliofuatiliwa miaka 2 haukuona kwamba kuirekebisha pamoja na mishipa kunaokoa maisha zaidi. Waliorekebishwa walipata zaidi matatizo ya ubongo na ya mapigo. Kwa hiyo ulizeni: inavuja kiasi gani?

Siku ya pili au ya tatu mapigo huweza kuvurugika, monita ikalia, mama akashika kichwa. Hutokea sana, na zaidi kwa walioguswa valvu. Dawa zipo, na wengi hutulia. Sisi tunamkalisha, anakumbatia mto kifuani, anakohoa makohozi yatoke. Inauma, jamani, lakini lazima.

Aliyewekewa valvu ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Msiondoke wodini bila tarehe ya kupima damu.