Eti aliishiwa

Shemeji kasema kuhusu Luigi Nono, yule mtunzi wa muziki wa Italia, "huyu mzee wako aliishiwa" na mpaka leo halijanitoka. Wiki yenyewe ilikuwa nzito, mama katoka hospitali, kazini tumehamishiwa jengo jipya, lakini kinachozunguka kichwani ni hicho tu. Nilikuwa nimemweka Nono sebuleni, ile kwarteti yake ya nyuzi ya 1980, wapigaji wanne tu, Fragmente-Stille, an Diotima, noti mbili tatu halafu kimya, tena kimya kirefu kwelikweli, shemeji akasimamisha kijiko akauliza, "Spika imekufa?" Nikamwambia hapana shem, ndivyo ilivyoandikwa. "Si ndiye yule wa kiwanda? Basi aliishiwa huyu." Akaendelea na wali.

Wa kiwanda ndiyo, maana nilishamwekea La fabbrica illuminata ya 1964, mwanamke anaimba na nyuma yake tepu inanguruma, sauti za kiwanda cha chuma cha Italsider kule Genoa na wafanyakazi wake. Ukitoka hapo ukaingia kwenye kwarteti unaweza kudhani ni watu wawili, yule mkomunisti wa Venice aliyewaingiza wafanyakazi ukumbini, leo ananong'ona.

Lakini aliishiwa nini jamani? Il canto sospeso ya 1956 ni barua za mwisho za wapiganaji wa Ulaya waliopinga Wanazi, waliokuwa wanangoja kuuawa, na kuna sehemu kwaya inagawana neno moja, huyu silabi hii yule silabi ile, ukilitaka lote utege sikio kwa wote. Na kwenye kwarteti kaandika vipande vya mashairi ya Hölderlin, mshairi wa Kijerumani, ndani ya noti, kaagiza hadhira wasisomewe, wapigaji waviimbe moyoni tu. Tangu ujana anakudai sikio, basi, uzeeni kazidisha dai. Hilo ndilo lilitakiwa kunitoka mdomoni pale mezani, "Shem, mtu ni yuleyule."

Jana usiku nikasikiliza ..... sofferte onde serene ... ya 1976, aliyomwandikia mpiga piano Maurizio Pollini, piano moja inapigwa hapo hapo na nyingine imerekodiwa, zinaingiliana mpaka hujui ipi ni ya mkono ipi ya tepu, na ndani yake kuna zile kengele alizokuwa anazisikia nyumbani kwake Giudecca, kisiwa cha Venice, zikija juu ya maji. Hasira yote ikaniisha nikabaki na furaha tupu, nikatamani shemeji angekuwepo akae tu asikilize, wala tusibishane.

Mama kaanza tena kukohoa, kile kikavu, na kliniki wamesema mpaka Alhamisi.