Ukirudi Dakar, usiulize Pompiers

Sisi tuliokaa Dakar, Senegal, enzi za stendi ya Pompiers tulizoea kwamba safari ya bara huanzia pale, na aliyechoka kubanwa garini alikuwa na treni. Leo hukuti hata kimoja. Stendi ilihamia Baux Maraîchers kule Pikine mwaka 2014, na hilo mtu hulizoea upesi. Linalouma ni treni.

Treni mpya ipo, tena nzuri. TER ilianza kubeba abiria Desemba 2021: kilomita 36 kutoka Dakar hadi Diamniadio, reli ya SGR, mwendo hadi kilomita 160 kwa saa. Tiketi unanunua dirishani au kwenye mashine: faranga 500, 1,000 au 1,500 kufuatana na kanda, daraja la kwanza 2,500. Usiitupe ukishaingia, maana geti la kutokea nalo linaidai. Na inasimama Baux Maraîchers, kwa hiyo mwenye begi moja asihangaike na teksi ya kwenda stendi.

Lakini reli ya zamani, ile iliyopita Thiès, Tambacounda na Kidira ikavuka mpaka kwenda Kayes mpaka Bamako nchini Mali, zaidi ya kilomita 1,200, iliachwa ife. Mwaka 2003 ilikabidhiwa mwekezaji binafsi aliyetaka mizigo kuliko watu. Stesheni ndogo zikafungwa, njia ikachakaa, mabehewa yakawa yanaacha reli, na abiria wakasahauliwa kabisa. Stesheni ikifungwa, mama aliyeuza karanga na maembe dirishani naye hana soko. Thiès ni mji wa wafanyakazi wa reli, waliogoma miezi mitano kuanzia Oktoba 1947 wakidai haki sawa na Wazungu. Wajukuu wao leo wanaitazama TER ikiishia njiani, kabla haijawafikia. Tanzania imejenga SGR na bado treni ya reli ya kati inafika Kigoma. Hilo liliwezekana Senegal pia, na sitaacha kulisema.

Basi ukienda Tambacounda, karibu kilomita 460, kilichobaki ni basi au sept-places, Peugeot zilezile: mmoja mbele, watatu katikati, watatu nyuma. Gari haliondoki mpaka lijae. Fika alfajiri, na kama waliokutangulia wameshafika wanne, subiri gari linalofuata, kwa sababu siti za nyuma ziko juu ya ekseli, paa limeinama na magoti yanakugusa kidevu safari nzima. Ukiwa na haraka, lipia siti zilizobaki mwondoke. Nauli ya kiti ni bei ya stendi, haipatanwi. Ya begi mnapatana, na mpatane kabla halijapandishwa kwenye keria, kwani likishafungwa kamba bei ni ya mpandishaji. Wapiga debe wapite tu, lipa kwa mwenye orodha ya gari.

Kabla ya kulipa, zunguka gari uangalie tairi. Januari 2023, jirani na Kaffrine, tairi la basi lilipasuka usiku, basi likahamia upande wa pili na kugongana na lingine. Walikufa karibu watu 40. Huko zipo tairi za mtumba: kwa macho zina meno, lakini mpira umezeeka, na joto la Tambacounda pamoja na mzigo wa keria humaliza kazi. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho: 1416 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Inama pia uangalie kama ubavu una nyufa nyembamba kama za udongo mkavu.

Mjini kuna nafuu. BRT ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatoka kitongoji cha Guédiawaye hadi Petersen, katikati ya mji, kwenye njia yake yenyewe, haikai foleni. Ndege, tangu Desemba 2017, hazitui tena Yoff bali Diass, kilomita 47 hivi kutoka mjini. Patana na teksi kabla begi halijaingia buti, na uulize ushuru wa barabara analipa nani. Tembea na sarafu, maana dereva hana chenji ya 10,000.

Na kule stendi, ukiona ubavu wa tairi una nyufa, rudisha tiketi gari lingali halijajaa. Wakati huo kiti chako bado kinauzika, na pesa unarudishiwa bila ugomvi.