Siku Tulipotoa Jeki

Tarehe 28 Agosti 2011 mvua ya kimbunga Irene ilimwagika juu ya milima ya Vermont kutwa nzima, na mito ikafurika kupita kingo zake. Daraja la mbao la Bartonsville, lililojengwa mwaka 1870, liliangukia Mto Williams watu wakiwa wamesimama wanatazama, na video ya tukio hilo ikasambaa duniani. Siku hiyohiyo, katika jimbo jirani la New York, maji yalilizoa daraja la Blenheim la mwaka 1855, lililovuka kijito cha Schoharie kwa urefu wa zaidi ya futi 200 bila nguzo yoyote katikati. Yote mawili yalikuwa madaraja ya kale yenye kuta na paa. Mimi ni seremala, na nilipoitazama video ile ya Bartonsville nililia.

Daraja lililonipa kazi mimi halikuanguka. Liko katika kijiji kidogo cha Vermont, urefu wake haufiki futi 100, na lilijengwa miaka michache baada ya mafuriko makubwa ya Oktoba 1869. Irene ilipopita, magogo yaliyobebwa na maji yalilipiga ubavuni, yakavunja mbao za ukuta, yakapasua boriti ya chini, na daraja zima likainamia upande mto unakoelekea. Kijiji kililifunga, kikahangaika kutafuta fedha, na kazi ilipoanza nilichukuliwa niwe mmoja wa mafundi.

Ukibandua mbao za nje ndipo unapoliona daraja lenyewe. Letu ni la mtindo wa Ithiel Town, msanifu majengo wa Connecticut aliyepata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1820. Kabla yake, daraja refu la mbao lilihitaji miti minene na mafundi waliobobea katika kuchonga ndimi na matundu. Town alichukua mbao za kawaida, za unene wa inchi tatu hivi, ambazo kiwanda chochote kidogo cha kupasulia mbao kingeweza kuzitoa, akazipishanisha kwa mshazari mpaka zikafanya wavu kutoka boriti ya chini hadi ya juu. Kila zinapokutana hutobolewa kwa keekee na kupigiliwa vigingi vya mwaloni. Alitoza dola moja kwa kila futi ya daraja, na aliyegunduliwa amejenga bila ruhusa alidaiwa dola mbili. Naona bei ile ilikuwa ya haki kabisa. Wazo lake liliwawezesha wanavijiji kujijengea daraja kwa mbao zao na mikono yao, na ndiyo maana hata sisi, zaidi ya karne moja baadaye, tuliweza kulifungua kipande kwa kipande na kulirudisha.

Na paa ni la nini? Wageni huuliza swali hilo kila siku, na kila mwenyeji ana jibu lake: farasi wasiogope maji, wapenzi wapate faragha, theluji isirundikane. Hilo la theluji ni kinyume chake. Enzi za magari ya kukokotwa juu ya theluji, vijiji viliwalipa watu waitandaze theluji ndani ya daraja ili magari hayo yasikwame kwenye sakafu kavu. Paa ni la kuzikinga mbao. Wavu ule ukiachwa wazi, mvua huingia katika kila tundu la kigingi na kila mwanya mbao zinapogusana, maji yakikaa humo kuvu huanza kula, na baada ya miaka kumi au ishirini daraja limekwisha. Likifunikwa, huvuka karne. Wamarekani walilijua hilo mapema. Daraja la Philadelphia alilolijenga Timothy Palmer, lililofunguliwa mwaka 1805, lilifunikwa kwa pendekezo la Jaji Richard Peters, mkuu wa kampuni iliyolimiliki, kwa sababu hiyohiyo.

Tulipoanza kung'oa niliyaona hayo kwa vidole vyangu. Juu, chini ya paa, mbao zilikuwa kavu na ngumu, rangi ya asali, na randa ilipopita harufu ya utomvu ilitoka baada ya miaka ipatayo 140. Kwenye ncha, pale boriti ya chini inapokalia msingi wa mawe, mambo yalikuwa tofauti. Udongo na mchanga wa barabarani ulikuwa umerundikana pale miaka nenda miaka rudi, ukinyonya maji na kuyashikilia. Patasi ilizama hadi mpini bila kupigwa nyundo. Mbao ilikuwa imegeuka kahawia na kupasuka vipande vya mraba, ukivifikicha kwa kidole gumba vinakuwa unga. Kila mtu alilaumu mafuriko, lakini boriti ile ilikuwa ikifa tangu zamani, na mtu mmoja mwenye koleo, akipita mara moja kila mwaka kuondoa udongo, angeiokoa. Hilo liliniuma kuliko magogo.

Kigingi cha zamani hutolewa kwa kukisukuma kutoka nyuma kwa chuma kinene na nyundo nzito. Vingi viligoma, tukalazimika kuvitoboa. Vichache vilitoka vizima, na kimoja sijakisahau. Kilikuwa na upana wa karibu inchi mbili, kimechongwa kwa mkono, alama za kisu bado zinaonekana ubavuni, na katikati kilikuwa kimepinda kidogo mno, pale mbao mbili zilipokuwa zikikivuta pande tofauti. Mikokoteni ya nyasi kavu, malori ya maziwa, mabasi ya shule, uzito wa vyote hivyo ulikuwa umepita katika mpindo usiozidi unene wa ukucha. Kigingi chenyewe hakikuwa na ufa hata mmoja.

Palikuwa na mabishano juu ya namna ya kulitengeneza. Mhandisi mmoja alitaka mihimili ya chuma ipitishwe chini ya sakafu ibebe magari, na ule wavu wa mbao ubaki ukijibeba wenyewe. Madaraja kadhaa ya Vermont yamefanyiwa hivyo, na sababu yake inaeleweka: dereva wa lori la mafuta ya kupashia nyumba joto hasomi kibao cha uzito. Lakini daraja lisilobeba kitu limebaki jina tu. Msimamizi wetu, mzee aliyetengeneza madaraja karibu maisha yake yote, alipinga kwa mahesabu, kikao baada ya kikao, bila kupandisha sauti.

Mfano uliotajwa sana vikaoni ulikuwa daraja la Cornish-Windsor, linalovuka Mto Connecticut kati ya New Hampshire na Vermont. James Tasker na Bela Fletcher walilijenga mwaka 1866 kwa dola 9,000. Lina urefu wa karibu futi 450, na mlangoni pana kibao kinachoamuru farasi waende mwendo wa taratibu, la sivyo faini ni dola mbili. Lilifungwa mwaka 1987 likiwa limechoka, likatengenezwa kwa mbao nene zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, na mwaka 1989 likafunguliwa kwa gharama iliyozidi dola milioni 4. Kuna waliolalamika kwamba mbao za gundi si za enzi za Tasker. Mimi nawaunga mkono mafundi wale katika jambo moja kubwa, kwamba mpaka leo ni mbao zinazobeba magari pale. Hata hivyo, panapowezekana kuunga ubao wa zamani, sitaki ubao huo utupwe, na nilisema hivyo kikaoni mbele ya watu wote.

Mwishowe ilikubaliwa mbao zibebe. Tulikata sehemu zilizooza tu, tukaunga mbao mpya kwa viungo virefu vya mshazari, na tulipopanga tabaka za boriti ya chini tuliviachanisha viungo ili visikutane mahali pamoja. Boriti ya juu hubanwa, ya chini huvutwa, na mbao inayovutwa huachia penye kiungo. Kimoja cha viungo hivyo nilikichonga mimi mwanzo hadi mwisho.

Muda wote huo daraja lilikuwa limekalia jeki, na jeki zimekalia magogo ya mraba yaliyopangwa kwa kukingamana mtoni. Siku ya kuzitoa ilikuwa siku ya vuli yenye baridi na mawingu mazito. Wanakijiji walikuja wakajaa kingo zote mbili. Mwalimu mmoja alileta darasa zima.

Kabla hatujaanza, mzee alituita akatusimulia habari za Nicholas Powers, fundi wa Vermont aliyelijenga daraja la Blenheim. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoa kiunzi cha muda Powers alipanda akakaa juu ya paa, kwamba daraja likienda na yeye aende nalo. Halikwenda. Lilisimama miaka 156, mpaka Irene. Mzee alipomaliza hakupanda paani. Aliingia ndani, akasimama sakafuni katikati kabisa ya daraja, mikono mfukoni, akatuambia tuanze.

Tulikuwa tumevuta uzi chini ya boriti kutoka ncha hadi ncha. Daraja la mbao hujengwa likiwa limeinuka kidogo katikati, kwa sababu likishaanza kujibeba litashuka, na ole wake fundi ambaye daraja lake linashuka likapita usawa. Letu tulikuwa tumeliinua inchi tatu. Kila jeki ilikuwa na mtu wake, na kila filimbi ilipolia tulishusha robo ya inchi, tukasubiri, mtu wa uzi akasoma katikati pamebaki na mwinuko wa inchi ngapi.

Filimbi za kwanza hazikuleta sauti yoyote. Kisha vigingi vikaanza kuuma mbao. Kelele ilianzia kwenye ncha ya kaskazini, mlio mkavu mmoja mmoja, ikasogea kuja katikati, halafu ikawa milio mingi kwa pamoja mpaka watoto wakanyamaza. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kiungo changu. Mbao ilitetemeka, ikakaza, na nikausikia uzito ukiingia ndani yake, kitu ambacho nilikuwa nimekisoma na kukikokotoa lakini sijawahi kukigusa. Nilitafuta mwanya kwa ukucha kwenye mstari wa kiungo. Haukuwapo.

Jeki ya katikati ndiyo iliyoachia mwisho. Fundi aliyeishika alipitisha kipande cha karatasi kati ya jeki na boriti, kikapita, akakipunga hewani, na watu wakapiga makofi kingo zote mbili. Mzee hakupiga makofi. Aliuliza uzi unasomaje.

"Inchi mbili na robo."

"Soma tena."

Ilisomwa tena, ikawa ileile. Aliandika namba hiyo kwenye daftari, akatoka nje, akatutuma tukaanze kupigilia mbao za ukuta upande maji yanakotoka, kwa sababu vigingi vipya vilikuwa bado wazi na mvua ilikuwa imeshafika kwenye vilima vya ng'ambo.