Mzee wa Kiti cha Kando

Neno lenyewe lilikuwa dogo, wala halikusemwa kwa ukali, lakini tangu Jumamosi linanirudia kila ninapoinamia cherehani. Tulikuwa katika mapumziko, ndani ya Ukumbi wa Taifa wa Bunraku, yaani tamthilia ya Kijapani ya vikaragosi, hapa Osaka, na mzee aliyeketi kando yangu, ambaye muda wote alikuwa akifuatisha maneno katika kijitabu kilichokuwa mapajani mwake, alinigeukia akaniambia: "Mama, naona wewe umekuja kutazama. Mimi huja kusikiliza." Nikatabasamu, nikamjibu kwamba ndivyo, naye akarudi kwenye kijitabu chake.

Ndivyo! Nyumbani kwetu Rehema amefaulu mtihani wa udereva, baba yake amebadilishiwa zamu tena kiwandani, na yule bibi harusi mnayemjua hatimaye amelipa. Yote hayo yamepita, neno la mzee halijapita.

Tena alikuwa amenisoma vizuri, maana kilichonivuta kwenye bunraku, kama nilivyokwisha kuwachosha kwa kusimulia, ni sindano. Mchezeshaji mkuu, anayeshika kichwa cha kikaragosi na mkono wake wa kulia, ndiye huyo huyo anayekivisha: huketi na uzi wake akashona kola na mikono ya kimono juu ya kiwiliwili ambacho ndani yake hamna kitu ila ubao wa mabega, kitambaa na pete ya mwanzi kiunoni. Wa pili hushika mkono wa kushoto. Wa tatu huinama chini kwenye miguu, na kwa kuwa kikaragosi cha kike kwa kawaida hakina miguu, yeye hukunja ngumi ndani ya pindo, akalisukuma na kulivuta mpaka ukaapa kwamba umeona magoti. Utaratibu huu wa watu watatu kwa kikaragosi kimoja ulianza mwaka 1734. Fundi gani wa nguo angeketi hapo asitazame?

Pazia lilipofunguliwa tena nikafumba macho, nusu kwa adabu na nusu kwa ubishi. Nikamsikia mtambaji, mtu mmoja peke yake anayewasemea vikaragosi wote, akiwa msichana, kisha mkulima mzee, kisha binti wa tajiri, sauti ikimtoka tumboni, pale anapojifunga mshipi na kuficha kifuko chenye uzito ili pumzi ipate pa kuegemea; na shamisen, kinanda cha nyuzi tatu, yenye shingo nene ikimtangulia, ikimngoja, mara ikimkatiza. Nikasikia na vishindo vya yule aliyeinama miguuni, ambavyo muda wote nilipokuwa nikitumbulia pindo sikuwa nimevisikia. Mzee alikuwa amesema kweli, na jambo hilo liliniudhi zaidi.

Lakini hadithi ilikuwa ile ya kijiji cha Nozaki, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1780, ambamo Omitsu anakatakata figili kwa furaha ya harusi yake, kisha anatambua kwamba mchumba wake na binti wa tajiri wako tayari kufa pamoja, na ili kuwaokoa anajikata nywele awe mtawa. Mwishoni wapenzi hao wanaondoka, mmoja kwa mashua na mwingine kwa machela, na hapo shamisen zinachangamka, zinakwenda mbio, muziki ambao watu wangeuinukia arusini. Nikafumbua macho. Omitsu alikuwa amebaki nyuma, kichwa kimeinama, na mkunjo wa begani, ule ulioshonwa kwa mkono wa mtu yule yule aliyemshika, umelegea kidogo tu.

Nikafurahi kama mtu aliyeokota pesa. Muziki ulikuwa ukicheka na kitambaa ndicho kilichokuwa kikilia, na hilo ndilo jibu nililotaka kumpa mzee, ila taa zilipowaka alikuwa ameshafika mlangoni na kijitabu chake kwapani. Tangu hapo namjibu peke yangu. Nyakati nyingine ananyamaza kabisa, jambo linalonifurahisha. Nyakati nyingine ananikumbusha kwamba maneno ya mtambaji anayajua kwa ghibu, na kwamba machozi ya Omitsu yamo humo humo, haina haja ya kufumbua macho. Hapo hunipiku, nikakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kinavyostahimili.

Simu ya mama kule Tanga haipatikani tangu jana asubuhi, na jirani niliyemtumia ujumbe hajajibu.