Bunduki ya sungura: nilichomwambia binamu kuhusu .22

Juzi Jumamosi nikiwa kwa jam pale Pangani nikitoka renji ya kupigia shabaha, binamu yangu akanitumia voisi ya WhatsApp ya dakika saba nzima. Yeye ako Uingereza mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi kwa shamba la kondoo kule Shropshire, na bosi wake amemwambia aombe leseni ya bunduki ndogo asaidie kupunguza sungura. Alitaka tu nimtajie jina moja la bunduki anunue mambo yaishe. Nilijaribu kumjibu kwa voisi pia nikashindwa, maneno yalikuwa mengi na matatu lilikuwa na kelele, basi nimeyaandika hapa, na najua kuna wengine mtasoma kwa sababu mmekuwa mkiniuliza kuhusu .22, ile kaliba ndogo (kaliba ni upana wa risasi, hapa kama inchi 0.22), tangu nianze kupiga shabaha.

Kabla ya bunduki, niwaambie huyu kijana ni nani. Tulikua pamoja Limuru kwa kina shosho na tulifuga sungura, yeye alikuwa 4K Club shuleni, na yule wake mweupe alikaa kwa kibanda cha mbao nyuma ya jikoni akilishwa majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni. Siku yule sungura alichinjwa kijana hakula. Sasa huyo ndiye ameambiwa apige sungura, na katikati ya voisi, baada ya kuongea kuhusu bei na skopu (darubini ya kulengea) na nini, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Brathe, na nikimpiga vibaya?"

Hilo ndilo swali la kwanza na nilifurahi sana kwamba ameliuliza mwenyewe. Kuna la pili hakuliuliza: na nikimkosa, au risasi ikipita, inaenda wapi? Mimi nikichagua bunduki ya kazi hii naanzia kwa hayo mawili, jina la kampuni linakuja nyuma kabisa.

Tuanze na risasi. Familia hii inaitwa rimufaya kwa sababu ile dawa ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, pale chini, na pini inagonga ukingo badala ya katikati kama zile risasi kubwa. Ukiokota ganda la .22 baada ya kupiga utaona kakovu kadogo kando ya kitako, kama mtu ameliminya na ncha ya bisibisi. Kwa sababu ukingo lazima uwe mwembamba ndio ubonyee, ganda haliwezi kubeba presha kubwa, na ukishalipiga limeisha, hakuna kulijaza tena. Ndio maana hizi risasi ni ndogo, za bei nafuu, na bunduki zake hazikurushi bega.

Kwa kazi ya sungura utasikia tatu zikitajwa. Kuna .22 LR (Long Rifle), ya zamani, ilitoka 1887 na mpaka leo ndiyo inapigwa sana. Kuna .22 magnum ambayo kampuni ya Winchester ilileta 1959. Halafu kuna .17 HMR ya kampuni ya Hornady ya 2002, hiyo ni ganda la magnum limebanwa shingo likashika karisasi kembamba ka grini 17 (grini ni kipimo cha uzito wa risasi), gramu moja na kidogo tu, lakini kanatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Ukilinganisha, .22 LR ya pole, ile wanaita sabsoniki, inabeba grini 40 na inatoka kama mita 320 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti, kwa hivyo haitoi ule mlio wa kupasua hewa.

Vijana wakisikia 770 wanasahau hizo zingine. Binamu pia. Alishaona video za .17 ikigonga mbali mita 150 na akaniambia hiyo ndiyo anataka. Nikamwuliza swali moja, sungura wa hapo kwenu mnawaona wakiwa umbali gani? Akasema jioni wanatoka kwa ua wa miti na kukaa hapo hapo kando, ukitembea polepole unafika hatua 40, 50. Sasa ya mita 150 ni ya nini? .17 ni silaha nzuri, inanyooka kama uzi mpaka mita 100 na kitu, lakini ina kelele, sungura wote wa shamba wanaingia shimoni kwa risasi moja, upepo unaisukuma kirahisi kwa sababu ni nyepesi, risasi zake ni ghali kuliko za .22 LR, na ikigonga mwili inavuruga nyama. Na hawa sungura wanaliwa, bosi wake anapeleka kwa bucha.

.22 LR ya sabsoniki, ile yenye tundu kichwani ndio ifunguke ikigonga, ukifunga na sailensa, kile kifaa cha mdomo wa mtutu cha kupunguza kelele (huko Uingereza ni kitu cha kawaida kabisa kwa wakulima) inasikika kama mtu amepiga kofi kitabu. Unapiga mmoja, wengine wanainua masikio halafu wanarudi kula. Kwa umbali wa mita 50 sioni kitu kinaishinda.

Lakini ina tabia moja, na hapa ndio nataka binamu asome mara mbili.

Kuna renji moja nilikuwa napigia zamani, sitaitaja, tuta lake la udongo la kuzuia risasi lilikuwa limemomonyoka na mvua na hakuna mtu alikuwa amelirekebisha. Siku hiyo tulikuwa wanne na .22, tumelala chini, mita 50. Nilifyatua nikasikia ile sauti, piiiiuuu, kama nzi mkubwa anapita juu ya kichwa akienda mbali. Mwalimu akapiga firimbi, wote tukafungua boliti (kile chuma unachovuta kwa mkono kuingiza na kutoa risasi) na kutoka. Tulipoenda kuangalia tulipata jiwe saizi ya ngumi limechomoza kwa tuta, na juu yake mstari wa risasi unang'aa kama penseli imepita. Risasi yangu ilikuwa imeteleza hapo na kuenda zake. Nyuma ya tuta kulikuwa na shamba la kahawa na watu wanachuma. Hakuna aliyeumia. Mimi sikulala vizuri siku kadhaa na mpaka leo nikisikia nyuki akipita karibu na sikio nashtuka.

Ile .22 ni nzito kiasi, imetengenezwa kwa ledi laini, inaenda pole, kwa hivyo ikigonga jiwe, ardhi kavu au hata maji kwa pembe ya chini haivunjiki, inadunda na kuendelea. Wenye kutengeneza wanaandika kwa boksi kwamba ni hatari mpaka maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. .17 ina afadhali hapo kwa sababu inapasuka vipande vidogo ikigonga kitu, na kama shamba la binamu lingekuwa mawe matupu ningemwambia aifikirie kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya zile video. Lakini hata hiyo haikupi ruhusa ya kupiga bila kujua nyuma kuna nini. Mashamba ya Uingereza yana vinjia vya umma vinavyopita katikati, watu wanatembea na mbwa saa za jioni, saa zile zile sungura wanatoka. Kwa hivyo azunguke shamba lote mchana, bila bunduki, atafute sehemu ambazo ataketi juu akipiga kuelekea chini, na nyuma ya sungura kuna mteremko wa udongo laini. Sungura akikaa juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu, huyo ameponea, mwache ale. Na polisi wa huko kabla ya kumpa cheti wanaweza kuangalia kama ardhi yenyewe inafaa kwa kaliba aliyoomba, na kaliba yenyewe inaandikwa kwa cheti, si kitu cha kubadilisha akili dukani.

Turudi kwa lile swali lake, na nikimpiga vibaya. Sungura anapigwa kichwani, na sehemu yenyewe hapo si kubwa kuliko kifuniko cha soda. Basi jaribio ni hilo: chukua kifuniko cha soda, kichore kwa karatasi, lala au keti vile utakavyokuwa ukipiga kikweli, usiegemee benchi, na upige tano. Umbali ambao zote tano zinaingia ndani ndio umbali wako. Kama ni mita 35, ni 35, haijalishi bunduki inaweza ngapi. Na ajue .22 ya pole inaanguka haraka, ukiiziro mita 50 (yaani ukirekebisha skopu igonge pale pale unapolenga), ukifika mita 100 imeshuka zaidi ya sentimita 20, yaani ukikadiria umbali vibaya kidogo tu unampiga mnyama tumboni na anaingia shimoni kufa polepole. Hilo ndilo analoogopa, na anaogopa vizuri.

Sasa bunduki yenyewe. Boliti, si semi otomatiki, ile inayojipakia risasi yenyewe kila ukifyatua. Ruger 10/22 imekuwepo tangu 1964 na watu wanaipenda, ni haki yao, lakini risasi za pole mara nyingi hazina nguvu ya kurudisha ile mashine nyuma na inakwama, na boliti inakufundisha kupiga moja ukiwa na uhakika. CZ 457 au ile ya zamani 452 kama ataipata kwa mtu ameitunza, au Tikka T1x, hizo zote hazitamwangusha. Mtutu mfupi wa inchi 16 unatosha kwa risasi za pole na hausumbui kwa gari la shamba, bora uwe na nyuzi za kufungia sailensa.

Kama ni ya mkono wa pili, afungue sailensa aangalie mdomo wa mtutu kwa tochi, kwa sababu kuna watu huacha sailensa imefungwa na unyevu unakaa hapo ndani unakula chuma. Aangalie pia ukingo wa chemba, pale ganda linaingia. Bunduki iliyofyatuliwa sana ikiwa tupu inaweza kuwa na kidonda hapo, pini imekuwa ikigonga chuma badala ya ganda, na ganda litaanza kukataa kuingia au kutoka. Apitishe ukucha tu atasikia.

Skopu asinunue kubwa. Moja nzuri ya mara 4 au 3 mpaka 9, lakini iwe imetengenezewa rimufaya, kwa sababu zile za bunduki kubwa nyingi paralaksi yake imewekwa karibu na mita 100, na kwa mita 40 ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama.

Kuna jambo lingine nilimwambia na sidhani alilitarajia kutoka kwa mtu wa shabaha. Amwambie bosi wake kuhusu ua wa waya, ule wa matundu madogo ya milimita 31 na unaozikwa chini au kukunjwa nje, kwa zile sehemu nyasi zinaliwa zaidi. Na kazi kubwa ya kupunguza ifanywe baridi, Novemba mpaka Machi, kabla hawajazaana wakawa wengi. Jike anabeba mimba mwezi mmoja tu. Ukingoja Juni unapiga mama na kuacha wadogo shimoni, na sungura hawapungui.

Kwa nyinyi wa hapa nyumbani ambao mtasoma hii na kufikiria tumbili wa Karen au nungunungu wanaochimba viazi, tafadhali msichanganye. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inawalinda. Leseni yangu ni ya shabaha, haigeuki kuwa ya tumbili kwa sababu jirani amekasirika. Ripoti KWS, wale wa huduma ya wanyamapori, funga takataka, weka waya. Na fuko wa mathe kule Limuru tunawanasa na mtego wa fimbo iliyopindwa na kamba, yule mzee anayetutegea anapima shimo kwa mkono wake, anasikiliza, anafunika na majani ya ndizi, na asubuhi fimbo imesimama. Hakuna bunduki inaweza kazi hiyo.

Jana usiku binamu amenitumia picha. Bosi wake alimpeleka shambani na kusimama naye, akampa CZ yake apige karatasi, mita 40, akiwa ameketi mgongo kwa gurudumu la trekta. Amechora kifuniko cha soda na kalamu nyekundu. Aina ya kwanza ya risasi, tatu ndani mbili nje. Aina ya pili kutoka bunduki ile ile, tano ndani, nne zinagusana. Nimemwambia aangalie namba ya loti kwa boksi la pili (loti ni risasi zilizotengenezwa pamoja), na akipata cheti anunue boksi zingine za loti hiyo hiyo kabla dukani hazijaisha. Akanijibu, "Sawa brathe, lakini kesho narudi kwa karatasi tena."