Chupa Tatu za Dawa ya Mbio

Desemba 2019 nilikuwa nyumbani Muheza, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mimi na mdogo wangu wa miaka 11 tulishinda tukipokezana simu moja kucheza Minecraft, gemu ya kujenga na kuchimba. Mwenzangu majumba na migodi havikumshughulisha. Alichopenda ni kupika dawa.

Kule dawa hazivurugwi ovyo. Unaanza na chupa za maji, tatu kwa mpigo. Unatia kijimea kinachookotwa Nether, ulimwengu wa moto wa gemu hiyo, unapata dawa isiyofanya kazi yoyote. Huo ni msingi tu. Juu yake ndipo unatia sukari, ikawa dawa ya mbio ya dakika 3. Ukiongeza vumbi jekundu, inadumu dakika 8. Ukitia vumbi la mwanga badala yake, mbio zinakuwa kali zaidi ila muda unashuka hadi dakika moja na nusu. Uchague mwenyewe, nguvu au muda. Nililipenda sana wazo hilo, na bado nalipenda.

Jumamosi watoto wa mtaani kwetu walikuwa na mechi. "Dada," akaniambia, "tupike ya kweli."

Msingi wetu ukawa choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, kwa ajili ya wekundu wake. Tukatia tangawizi, iliki, majani ya chai viganja viwili na sukari robo kilo, vyote kwa pamoja kwenye sufuria la alumini, tukaviacha vitokote nusu saa. Wekundu ukageuka zambarau iliyochafuka. Nilipoonja, ulimi ulibaki na ladha kama nimelamba sarafu. Hata hivyo tulijaza chupa tatu, naye akanywa moja yote kabla ya mechi.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyemkamata. Cha pili kilikuwa hakijafika mbali alipoinama, akashika magoti, akatapika karibu na goli. Nilikimbia nikamwekea mkono kifuani. Moyo ulikuwa unadunda haraka mno, na vidole vyake vinatetemeka. Sijawahi kuogopa vile. Ile chai nilikuwa nimeitia mimi kwa mkono wangu.

Jioni alikuja mama mdogo, ambaye siku hizo alikuwa akiuza juisi stendi. Hakunigombeza. Alimimina matone kiganjani, akalamba, akauliza, "Mmepikia alumini?" Nikaitikia. "Choya ina ukali, mwanangu, inakula sufuria."

Kesho yake tulipika naye. Choya ikawekwa kwenye jagi la kioo, ikamwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Haikugusa moto kabisa. Wekundu ulishuka taratibu kutoka kwenye maua kama nyuzi, mpaka maji yote yakakolea. Tangawizi aliiponda, akaichemsha peke yake, akaichuja. Iliki alizipasua kwa ubapa wa kisu na kuzitia mwisho kabisa, moto umeshazimwa, maana harufu yake huondoka na mvuke. Jiko zima lilinukia. Majani ya chai akayarudisha kabatini: mtoto hana haja nayo. Sukari ikawa vijiko vichache, na chumvi kidogo ya ncha ya vidole, kwa sababu mtu anayekimbia juani anatoka jasho lenye chumvi.

Nilimsikiliza nikiwa nimeshika jagi, nikaona ni kanuni ileile ya kwenye gemu. Robo kilo yetu ya sukari na ile chai ndiyo yalikuwa vumbi la mwanga. Mamdogo alikuwa anatengeneza ile ya kudumu. Akasema pia isinywewe kwa pupa: glasi nusu kabla, mafunda machache wakati wa mapumziko, na uji asubuhi usikosekane.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Walifungwa mbili kwa moja.

Chupa yake alikuwa ameibandika plasta nyeupe na kuandika kwa peni nyekundu: 8:00. Mamdogo aliisoma akashangaa kwa nini anywe saa mbili wakati mechi ni saa kumi. Mtoto akamweleza yote, kuanzia chupa ya maji, kile kijimea, na vumbi jekundu linaloongeza dakika. Mamdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ile peni na kuandika chini ya namba: tikisa kwanza.