Kumbukumbu ya mradi: waya umekula rada

Mwezi wa saba wa matayarisho ya kuvuka Atlantiki kwa mashua ya tanga. Mashua ingali juu ya magogo, na bajeti niliyoipanga kwa mbwembwe imejaa mistari iliyokatwa.

Nilianza na vinavyoonekana. Ukurasa wa kwanza wa daftari ni rada, skrini kubwa ya ramani, kiti kipya cha nahodha. Nyaya zinazoshika mlingoti niliziandikia neno moja tu: "kagua". Jumamosi nikakagua. Nilizungushia pamba kwenye waya nikawa naiteremsha taratibu, na pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma, pamba ikanasa. Kumulika tochi, uzi mmoja kati ya nyuzi 19 zilizosukwa kuwa waya huo umekatika, ncha yake nyembamba kama unywele. Fundi alipoambiwa nyaya zina miaka 14 hakutaka hata kujadili: zitoke zote. Ukikatika mmoja, wenziwe wako njiani.

Basi rada imefutwa, kiti kimefutwa, skrini imefutwa. GPS ya mkononi, nyingine ya akiba, na ramani za karatasi. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo aliiita skrini ile "televisheni yako", hakusema kitu. Alichukua kalamu akakata mstari mwenyewe.

Maji nimeyapigia hesabu mara tatu. Kipande kirefu kuliko vyote cha safari ni kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi, takriban maili 2,700 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni maili 120 kwa siku, yaani siku 23 hivi. Nikaongeza nusu yake, maana bahari ikilala shwari hakuna wa kumlalamikia: siku 34. Watu wawili, lita 4 kila mmoja kwa siku, jumla lita 272. Tangi linachukua 200, kwa hiyo madumu manne ya lita 20. Mashine ya kuondoa chumvi niliifikiria, nikaiona bei, nikarudi kwenye madumu. Isitoshe, tangi likitoboka au maji yakiharibika, ya kwenye madumu yamesalimika.

Vali za kufunga matundu ya mashua yaliyo chini ya maji: mbili ziligoma kufunga, zimebadilishwa. Chelezo cha kuokolea maisha kimepelekwa kukaguliwa. Betri bado, na nimeacha kuamini namba ya uwezo iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu betri za risasi na asidi ukizishusha chaji chini ya nusu mara kwa mara unaziua.

Robo ya fedha niliitenga kwa dharura na kuapa sitaigusa. Nimeshaidokoa mara mbili.

Kinachonipa nafuu ni kalenda. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki hufungwa 30 Novemba, na kabla ya hapo hatuvuki hata tukiwa tayari. Wiki ijayo mlingoti unashushwa. Leo nilijaza madumu yote kuyajaribu. La nne linavuja kwenye kizibo.